Kiti cha Dirishani, Chennai hadi Madurai

Jumapili, Machi 2019. Turffontein, Johannesburg.

Mvua ilitukuta tukitoka kanisani, ile mvua ya mwisho wa kiangazi inayopiga bati nusu saa halafu inakoma kana kwamba haikuwahi kuja. Stima zimekatika saa kumi na mbili jioni kama ratiba ya mgao ilivyosema. Naandika kwa simu, betri iko nusu, mshumaa uko mezani, na Baba amekaa upande wa pili wa meza akiwa na kalamu mkononi. Habari ya hiyo kalamu nitaifikia.

Kwanza niseme ukweli. Nimechoka.

Si kazi iliyonichosha. Kazi nimeizoea, nayo hunichosha kwa adabu, ikifika Ijumaa jioni inaniachia. Kilichonimaliza safari hii ni tikiti mbili za treni katika nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Baba ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikwenda kabla hajaja kukaa kwangu, na la kushoto linalifuata. Daktari wa hapa hakutuzungusha. Alisema upasuaji haurudishi kilichopotea, unajaribu tu kukishikilia kilichobaki, na hata hilo hakutaka kuliapia. Bima ya kazini kwangu haimtambui mzazi. Mwenzetu mmoja wa ushirika wa kanisani alikuwa amempeleka mama yake kwa madaktari wa macho huko Madurai, kusini mwa India, na mama yule alirudi akisoma Biblia yake mwenyewe. Basi tukaandika huko, tukajibiwa, tukapewa siku: Alhamisi moja mwezi wa nne. Visa zimeshatoka.

Siku niliyomweleza Baba haya yote, alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya kisu, hakuuliza habari ya ganzi. Aliuliza kama kutoka Chennai, tutakakoshukia ndege, hadi Madurai kuna treni ya mchana.

Nikamwambia ipo, nimeiona mtandaoni. Inatoka Chennai saa saba na kitu mchana, inafika mnamo saa tatu usiku. Akahesabu kwa vidole. Saa tano za mwanga, akasema, zinatosha. Akaomba hiyo treni, na akaomba daraja la pili, lenye madirisha yanayofunguka, si yale mabehewa ya baridi yaliyozibwa vioo. Na kiti cha dirishani.

Baba yangu si mtu wa kuomba vitu. Katika miaka miwili aliyokaa hapa ameomba redio na kofia ya sufu.

Alikuwa karani wa tikiti stesheni ya Voi. Miaka ishirini na tisa alikaa nyuma ya lile dirisha la mbao lenye tundu la mviringo, watu wanaingiza mkono wenye pesa, yeye anaingiza mkono wenye tikiti. Kila mwaka shirika la reli lilimpa pasi ya familia ya kusafiri bure, na kila mwaka pasi ile ilikaa juu ya kabati, chini ya Biblia, mpaka muda wake ukaisha. Ikifika Desemba, karani mwenzake anaugua, au anafiwa, au anataka likizo kwa sababu ana watoto wadogo. Baba naye alikuwa na watoto wadogo, lakini ndiye aliyebaki. Mwaka ujao, Wakio, ndivyo alivyoniambia kila mara. Darasa la tatu nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote kwamba Krismasi hiyo nitakwenda Mombasa nimekaa dirishani. Baba mwenyewe alikuwa ameniahidi. Shule ilipofunguliwa nikawadanganya kwamba nilikwenda, na nikawaeleza bahari ambayo sikuiona.

Sijawahi kupanda treni na baba yangu hata siku moja.

Kwa hiyo nilipomsikia akiomba dirisha, nikajua anataka nini. Anataka kutazama. Kabla mtu hajamtia kisu kwenye jicho lake la mwisho, anataka saa tano za kuona nchi ikipita. Nikajiapia kwamba hiki kiti nitakipata, hata kama ni kitu pekee nitakachokipata mwaka huu.

Na nikasema nitakikata mwenyewe. Wakala wa nini? Kazi yangu benki ni kupima programu kabla hazijafika kwa wateja. Nabonyeza kila kitufe, naona kama kinapita au kinaanguka, naandika ripoti. Mtu wa kazi kama hiyo aende kumlipa mtu mwingine ambonyezee? Kiburi si maungwana, lakini nacho ninacho, nakikiri hapa.

Nilianza kwa kujisajili kwenye tovuti ya reli ya kule. Inataka namba ya simu, halafu inatuma namba ya kuthibitisha. Simu yangu ni ya hapa. Nilisubiri hiyo namba siku mbili, nikaandika barua pepe, nikajibiwa nitume picha ya pasipoti, nikatuma, nikaambiwa ni kubwa mno, nikaipunguza. Siku ya nne nikaingia.

Kuingia ni jambo moja. Mimi nafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, napika, tunakula na Baba, naosha vyombo, natia maji ya moto kwenye chupa yake, halafu ndiyo nakaa. Saa mbili na robo. Na saa mbili na robo ya Johannesburg, India ni karibu saa sita usiku, na tovuti ile hufungwa kwa muda kila usiku saa hizo. Yaani ratiba yangu ya maisha nzima inaniachia nafasi moja kwa siku, na ndiyo nafasi hiyohiyo mashine yao inalala. Nikasogeza chakula cha jioni mbele. Wiki hiyo mgao wa umeme ukasogezwa pia, ukaja kukaa pale nilipokaa.

Kisha kadi. Nilijaza majina, umri, treni, daraja, nikachagua dirisha, nikaandika zile herufi zilizopinda za kuthibitisha kwamba mimi ni binadamu, nikabonyeza kulipa. Kadi ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Dakika mbili baadaye nikapata ujumbe kutoka benki yangu, benki ninayoifanyia kazi, ikiniuliza kama ni mimi kweli au nimeibiwa. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Baba akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Hiyo "hakuna kitu" nimeisema sana mwezi huu.

Ilichukua wiki mbili na siku moja kwa jumla. Mara ya mwisho nilikatia ofisini saa ya chakula, nimemficha bosi skrini, na malipo yakapita. Tikiti ikaja kwenye barua pepe. Nikaifungua. Majina yetu mawili yako pale, na mbele ya kila jina, mahali pa namba ya kiti, hakuna kiti. Tuko kwenye orodha ya kusubiri. Baba wa tatu, mimi wa nne.

Eish.

Kazini kwangu kitu ama kimepita ama kimeanguka, hakuna cha katikati. Tikiti isiyo na kiti imeanguka. Niliitazama siku ya kwanza, wa tatu na wa nne. Siku ya pili, vilevile. Nikamwona Baba kwenye jukwaa la Chennai, joto la mwezi wa nne, fimbo mkononi, na mtu anamwambia jina lako halimo. Siku ya tatu nikaifuta. Sikumwambia. Yeye alikuwa sebuleni na redio yake, Jumamosi ile, na kutoka uwanja wa mbio za farasi ulio karibu nasi sauti ya mtangazaji ilikuwa inatufikia mpaka ndani, akiwakimbiza farasi wake kwa mdomo. Nilipita mbele ya Baba kwenda bafuni, nikafungua maji, nikakaa.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Mayfair, mtaa wa hapahapa Johannesburg, kumwona wakala.

Bi. Halima ni Mkenya wa Garissa, ana ofisi ndogo juu ya duka la vitambaa, jirani na msikiti. Anasafirisha mahujaji, na siku hizi anasafirisha wagonjwa zaidi ya mahujaji. Kila Mkenya hapa ana mtu aliyepitia kwake. Nilimkuta na simu tatu mezani na birika la chai ya iliki, akanimiminia kabla sijasema shida yangu. Akanisikiliza, akanichorea safari nzima kwenye karatasi moja: ndege mpaka Mumbai, ndege nyingine mpaka Madurai, kiti cha magurudumu kila uwanja, dereva mwenye bango la jina, chumba cha chini karibu na hospitali, na kijana wa kututafsiria. Yeye ndiye atakayepigiwa simu kukiharibika kitu, si mimi.

Nilitamani kulaza kichwa kwenye meza yake. Sisemi utani. Sikujua nilivyochoka mpaka nilipoona karatasi ambayo kazi yangu ndani yake ni kukaa tu.

Nikamuuliza habari ya treni. Akashusha kikombe. "Treni nitakukatia, dada, lakini mimi namtuma mtu wangu wa Chennai, na yeye anamtuma mtu wake. Kiti utapata. Dirisha sikuahidi. Mimi naahidi kile ninachoweza kukifuatilia kwa mguu wangu."

Halafu akaniuliza, hivi tu, akikoroga chai, "Na mzee mwenyewe anasemaje?"

Nikamjibu kwamba mzee ni mgonjwa, mambo haya nayashughulikia mimi. Hakubishana. Alinipa karatasi yake nikaifikirie, akanisindikiza mpaka ngazini. Lakini swali lile lilinikera njia nzima. Nilisimama kwenye taa za barabarani za kuingia mjini, robot kama wanavyosema hapa, ikageuka kijani, na gari la nyuma likanipigia honi mara mbili kabla sijaliona. Juma zima nimekuwa nikimjibu Bi. Halima kichwani. Anajua nini yeye? Ana baba kipofu nyumbani?

Hivyo ndivyo nilivyofika leo.

Baada ya chakula cha mchana Baba alizima redio na kuniuliza tikiti za treni zimefika wapi. Mara ya kwanza kuuliza tangu siku ile. Nilikuwa nimebeba sahani. Nikaziweka chini, nikakaa, nikamwambia yote, kuanzia namba ya kuthibitisha mpaka Mayfair. Nilimwambia tulikosa, tuliwekwa kwenye orodha ya kusubiri, nikaifuta tikiti, na kwamba labda ndege ni bora kwa afya yake. Hilo la afya nililiongeza ili lionekane ni wazo langu la busara.

Akauliza, "Orodha ya kusubiri tulikuwa wa ngapi?"

"Wa tatu na wa nne."

"Wa tatu na wa nne kwenye treni nzima? Na safari ni mwezi ujao?"

Nikasema ndiyo. Akavua kofia yake, akaiweka kwenye goti. Namjua baba yangu, akivua kofia ndani ya nyumba kuna msiba au anajizuia kucheka.

"Wakio, mwanangu. Hiyo ni sawa na umeshakaa."

Ndipo akanieleza, polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza makarani wapya. Treni ya watu elfu moja, hawakosi kumi watakaogombana na wake zao, watakaofiwa, watakaougua, watakaobadili nia tu. Kila mmoja anayerudisha tikiti anamsukuma mtu mmoja mbele. Na zaidi ya hao, hakuna karani mwenye akili anayeuza viti vyote mapema. Voi alikuwa akibakisha viwili chini ya mkono mpaka saa ya mwisho, kwa sababu mgonjwa huja, mwenye msiba huja, mkubwa wa serikali naye huja bila habari. Wasipokuja, wanapewa wanaosubiri. Wa tatu na wa nne hawalali stesheni. Wa thelathini ndiye wa kuhurumiwa.

Nikachukua simu nikaangalia palepale mbele yake. Tukikata leo treni ileile, tutakuwa wa thelathini na nane.

Baba akapiga mbinja. "Hiyo sasa ni maombi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, jambo ambalo halina maana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia mwezi mzima na yeye anajua mambo haya. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba alikuwa ananisikia jikoni nikipambana na kompyuta. Alidhani nikikwama nitamwita.

Sikumwita. Nilikuwa na mtaalamu wa tikiti amekaa sebuleni kwangu, miaka ishirini na tisa ya kazi, hatua kumi kutoka kwenye meza ya jikoni, na nilimwambia hakuna kitu, nikaenda kuuliza watu wa mtandaoni nisiowajua. Tangu aje Johannesburg namuuliza amekula, amekunywa dawa, anasikia baridi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi hata kusikia sikufika. Sikuuliza.

Bi. Halima aliliona hilo kabla ya kikombe cha kwanza kuisha.

Baba hakukaa kwenye huzuni yangu muda mrefu. Aliuliza kama stesheni za kule zina dirisha la kukatia tikiti, dirisha la kweli lenye mtu. Nikamwambia lipo, na nimesoma kwamba Chennai kuna dirisha la wageni, unakwenda na pasipoti, na katika baadhi ya treni kuna viti wanavyowatunzia wasafiri wa nje. Nilikuwa nimelisoma hilo wiki ya kwanza nikaliruka, kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe kimekwisha kabla hatujatoka nyumbani. Unajaza fomu kwa mkono, unaiingiza dirishani.

"Fomu," akasema. Uso wake ukabadilika. "Basi twende dirishani, Wakio. Karani akiona fomu imejazwa na mkono unaojua kazi, anainua kichwa."

Akataka nimtafutie hiyo fomu. Jumapili, mvua imerudi, mimi na miavuli yangu iliyovunjika. Nilikwenda mpaka duka la Mkongomani mmoja mtaa wa pili, anayechapisha karatasi na kutengeneza simu, nikamkuta anafunga. Nikambembeleza. Baba alikuwa ameagiza nakala tano, akajizoeze. Niliona ni utoto, lakini nilikuwa na deni la kutosha la adabu kwa siku moja, nikachapisha tano.

Nakala ya kwanza aliianza stima zikiwepo. Aliandika kwa herufi kubwa, zile herufi zake za ukarani zilizosimama wima, nilizozijua kabla sijajua kusoma. Jina la treni likaingia mahali pake. Tarehe ikapanda juu ya mstari. Jina la stesheni likaanza kwenye kisanduku na kumalizikia nje kwenye pambizo, na yeye hakujua. Aliiweka kando akachukua ya pili. Umeme ukakatika, nikawasha mshumaa, nikausogeza karibu naye, na ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Nikamwambia apumzike, giza linamsumbua, tutaendelea stima zikirudi.

"Mshumaa hauna kosa," akasema.

Hapo ndipo aliponiambia. Aliniambia huku mkono wake ukipapasa ukingo wa karatasi. Anaona mbele tu, kiasi cha kiganja. Anaona uso wangu, lakini si uso wangu na sahani kwa wakati mmoja. Akitazama ncha ya kalamu, hauoni mstari ulipo. "Miaka yote nilitazama dunia kupitia lile tundu la dirisha la Voi," akasema. "Nilipostaafu nilidhani nimeliacha. Kumbe limenifuata."

Nikamuuliza tangu lini limekuwa dogo hivyo. Tangu Krismasi.

Miezi mitatu. Tunakula meza moja asubuhi na jioni, nami namsogezea chumvi nikidhani ni heshima. Alimficha daktari kidogo, akanificha mimi zaidi, maana aliona ninavyohangaika na hakutaka kuniongezea. Nililia, nikijua hanioni vizuri, halafu nikakumbuka kwamba uso ndicho kitu pekee anachokiona vizuri.

Akaniacha nilie. Akachukua nakala ya tatu, nayo ikapinda. Kwa ya nne aliomba rula. Nikamletea ile ya chuma kutoka kwenye mkoba wangu wa kazini. Aliilaza chini ya kila mstari, akaandika juu yake kwa kufuata chuma, akateremsha, akaandika. Ilimchukua karibu nusu saa. Mimi nilishika mshumaa na sikusaidia, kwa sababu safari hii niliuliza kama nisaidie, na akasema la.

Alipomaliza akaisukuma kwangu nikague. Treni, sawa. Kutoka Chennai, sawa. Kwenda Madurai, sawa. Daraja la pili. Abiria wa kwanza: jina langu. Mwanamke, miaka arobaini na moja. Na pale pembeni pa kuchagua kiti, kwa zile herufi zake wima, ameandika dirisha. Abiria wa pili ni yeye, miaka yake sabini na mitatu, na pale pa kuchagua kiti hakuandika chochote.

Nikamwambia, Baba, umebadilisha majina. Umekosea mistari.

"Sijakosea. Nilisema tupate kiti cha dirishani. Sikusema ni changu."

Akaendelea, kwa ile sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya kawaida ya safari, kwamba yeye atakaa kando yangu, dirisha likiwa wazi upepo utamfikia na mlio wa reli atausikia. Kinachopita nje nitamweleza mimi. "Ulisimulia vizuri bahari ambayo hukuiona," akasema. "Mwalimu wako aliniambia dirishani, alipokuja kukata tikiti."

Alijua. Miaka thelathini na kitu alijua kwamba niliwadanganya, na kwa nini.

Stima hazijarudi. Betri imebaki kidogo, nitafupisha. Kesho saa ya chakula nitampigia Bi. Halima. Nitamwomba radhi kwa jibu nililompa, ingawa yeye huenda hakuliona kuwa ni kosa. Ndege atukatie yeye, za kwenda Chennai, tufike Jumatatu badala ya Jumatano niliyokuwa nimepanga mwanzo. Chumba cha Madurai na mtu wa kututafsiria vilevile vibaki mikononi mwake. Sitaki tena kuchoka kwa vitu ambavyo mtu mwingine anavijua. Treni atuachie sisi. Jumanne asubuhi karani wa Voi atapanga foleni, na kama karani wa Chennai hatakuwa na kiti cha kutupa kwa siku hiyo, kuna treni ya Jumatano, na upasuaji ni Alhamisi, na zaidi ya hapo sina njia nyingine wala nguvu za kuitafuta.

Naogopa. Kwamba tutakosa, kwamba tutapata na kisu hakitashika, kwamba nitakaa kwenye lile dirisha na nisipate maneno.

Baba amejaza nakala ya tano sasa hivi, nzuri kuliko ya nne. Ameinuka, amepapasa mpaka kwenye kabati, akaiweka juu, chini ya Biblia.

Nimemwomba asiiweke hapo. Amesimama kidogo, kisha ameitoa, akaikunja mara mbili, akaniuliza pasipoti yangu iko wapi, akaitia ndani yake.